Mkate wa Mgonjwa

Mtu anayeumwa tumbo kwa miaka huzijua njia za vyooni kuliko njia ya kanisani. Mpaka leo naweza kukuambia, kuanzia Kabanga hadi Biharamulo mjini, wapi kuna choo chenye mlango na wapi kumetundikwa gunia tu. Sijisifu. Nasema hivi ili wewe unayesoma huku umelishika tumbo lako ujue kwamba unazungumza na mwenzako, na kwamba hakuna utakaloniambia likanitia kinyaa.

Naandika kwa sababu nimepona, na kwa sababu watu hunisimamisha njiani wakanionyesha watoto wao wenye matumbo makubwa na miguu myembamba, wakauliza, "Mwalimu, si na wewe ulikuwa hivi?" Ndiyo, nilikuwa hivi hivi. Elimu ya udaktari sina, na anayeitaka akamuulize daktari. Ninachojua ni jinsi ugonjwa ulivyoniingia na jinsi nilivyotoka humo.

Jina langu ni Redempta. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilifundisha shule ya msingi upande wa Ngara, si mbali na mpaka wa Kabanga. Mume wangu, Masalu, alikuwa bwana mifugo, kazi yake kukagua ng'ombe wanaovushwa kutoka Burundi. Yeye ni Msukuma, wazazi wake walihamia Nyamigogo, wilaya ya Biharamulo, wakiswaga mifugo yao. Mimi ni Mhangaza, mtoto wa wakulima wa migomba na kahawa, Wakatoliki tangu enzi za babu. Kwetu walinung'unika kwamba nimechukuliwa na watu wanaohamahama na ng'ombe. Kwao wakanung'unika kwamba ng'ombe wa mahari wamepotelea kwa msichana asiyejua hata kukamua. Sisi wawili tuliwacheka wote, tukaoana, tukamzaa Kabula.

Ugonjwa ulikuja baada ya kumzaa. Kabula alinyonya na kunawiri, mimi nikawa naisha. Nilikula na chakula kikapita. Sitaficha: choo changu kilikuwa cheupe, chenye mafuta, na harufu yake iliwafanya walimu wenzangu wahamie choo cha wanafunzi bila kunieleza sababu. Nywele ziling'oka na kitana. Vidonda vikajaa mdomoni. Mikono na miguu ilikonda, lakini tumbo likavimba mpaka wanawake wakanipongeza kisimani.

"Mwarimu, Mungu amekuongezea mwingine upesi hivi!" akasema bibi mmoja, akinishika tumbo kwa furaha.

"Ahsante, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kula vizuri, uwape nguvu wote wawili."

Nilirudi nyumbani na ndoo nusu, nikalia nikiwa nimeiegemea. Hapakuwa na mtoto tumboni. Palikuwa na upepo na maji tu.

Nilitibiwa minyoo. Nikatibiwa amiba, halafu malaria, halafu minyoo tena, maana mganga wa zahanati alikuwa na dawa hizo tatu na alizizungusha kwa haki. Nilikaa kwenye mabenchi mengi, na ukikaa sana kwenye benchi la hospitali unajifunza kuwasoma watu. Anayekohoa hukaa mwisho ili asiwasumbue wengine. Mwenye mtoto mgonjwa husogea mbele bila aibu. Mimi nilikaa karibu na mlango, miguu tayari.

Siku moja nilianguka darasani nikiwa na chaki mkononi. Habari zilifika Nyamigogo kabla sijapata nguvu za kusimama vizuri, na mama mkwe akaja. Sisi tulimwita Mayu, maana ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama. Alikuwa mwanamke mrefu, asiye na maneno mengi, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini kilimtosha kusema alichotaka.

"Mwalimu, wewe unakufa," alisema, akiwa bado hajakaa.

"Shikamoo, Mayu."

"Malahaba. Mtoto namchukua. Ukipona, ataludi."

"Na nani atasema kwamba nimepona?"

"Mimi nitaona," akasema.

Masalu aliinamisha kichwa. Kwao mama akiamua jambo la mjukuu, kijana hana la kuongeza, na ukweli ni kwamba nilikuwa siwezi hata kumwogesha mtoto. Kabula alifungwa mgongoni kwa Mayu, akanipungia mkono kwa furaha ya safari. Kuanzia siku hiyo sikuwa na ombi jingine kwa Mungu. Sikuomba hata kuishi miaka mingi. Niliomba mtoto wangu arudi nyumbani.

Sasa nikueleze habari ya mkate, kwa sababu hapo ndipo tulipokosea sote, na tulikosea kwa mapenzi.

Kwetu mtu mzima mwenye afya hali mkate. Anakula ndizi na maharage, ugali wa mtama, viazi, muhogo. Mkate ni chakula cha heshima, na mwenye haki ya kwanza ni mgonjwa. Ukienda kumjulia hali mtu na mkungu wa ndizi, umemtembelea. Ukienda na boflo lililofungwa kwenye gazeti, unampenda. Kadiri nilivyokonda ndivyo mkate ulivyozidi. Dada yangu Generoza alinikandia maandazi. Walimu walichanga nikaletewa biskuti. Masalu kila akitoka mpakani alibeba mkate wa Muyinga, ule wa Warundi, wenye ganda gumu, akaukata vipande na kunilowekea kwenye chai kama mtoto. Shuleni nako tulipikiwa uji wa bulga, ngano ya msaada iliyoletwa tangu ukame, na mpishi alinichotea wa chini, mzito. Nilikuwa nalia kwa shukrani, nameza, halafu nakimbilia chooni. Kila mtu akasema ugonjwa huu ni mkali, mwongezeeni mkate.

Kisha vita vikaja.

Redio ilisema mchana kutwa. Malori ya abiria yalichukuliwa kubeba askari. Vijiji vilichanga ng'ombe kwa ajili ya jeshi, na Masalu akaamriwa kuwasindikiza kuelekea upande wa Bukoba. Aliondoka asubuhi ya mvua akiwa na fimbo, koti na begi la dawa za mifugo, nami nikabaki nikiamini kwamba hatutaonana tena. Sikujua tu nani angetangulia.

Madukani vitu vikakatika kimoja baada ya kingine. Bulga haikuletwa tena shuleni. Mkate wa Muyinga ulikuwa umeondoka na Masalu. Nilikula nilichokuwa nacho: ndizi za mama yangu, maharage, mtama, majani ya maboga, viazi vitamu. Wageni walikuja mikono mitupu wakiona haya, wakaniombea, wakaondoka.

Nikaanza kupona.

Mwanzoni sikuthubutu kusema. Asubuhi moja nilishangaa kwamba jua limeshatoka na sijaenda chooni. Kisha tumbo likashuka. Vidonda vya mdomoni vikafunga. Masika yalipofika nilishika jembe na kupanda mistari ya maharage nyuma ya nyumba, mifupi, lakini niliipanda mimi. Kila mtu alimjua aliyeniponya. Generoza alisema ni novena yake. Mayu alituma neno kutoka Nyamigogo kwamba ni dawa ya mganga mmoja aliyenitengenezea bila mimi kujua. Mwalimu mkuu, aliyekuwa mwanasiasa kidogo, alisema ni moyo wa kujitolea. Niliwashukuru wote watatu, sikutaka kugombana na yeyote aliyekuwa upande wangu.

Masalu alirudi wakati wa kiangazi, maharage yameanikwa uani. Alikuwa mweusi kwa jua, amekonda, mzima. Aliponiona nimesimama, nimevaa gauni linalonikaa, alitupa baiskeli chini, akanikumbatia mbele ya majirani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya arusi. Nyuma ya baiskeli alifunga debe la biskuti za jeshi, zawadi kutoka kwa askari ambaye Masalu alimtibia mbwa wake.

"Nusu nimempelekea mama, kwa dereva wa lori," alisema. "Za Kabula hizo. Hizi ni zako, Mama Kabula. Nilizilinda njia nzima."

Zilikuwa ngumu, unazilowesha kwenye chai mpaka zinalegea. Tulikunywa chai asubuhi na jioni, tukahadithiana. Nilikuwa na furaha kuliko wakati wowote. Debe lilipofika katikati nilikuwa siwezi kuinuka kitandani.

Safari hii Masalu hakunipeleka zahanati. Alinipakia kwenye baiskeli, akanifunga kwake kwa kanga nisianguke, akanisukuma mpaka hospitali ya misheni. Huko tulikaa benchini tangu misa ya asubuhi. Mama mmoja aliyeletwa kwa machela alinipisha kivuli chake, akajitia kwenye jua. Sikupata kumjua jina. Nikisikia watu wakisema dunia imeharibika, huwa namkumbuka mama yule.

Daktari alikuwa sista wa kizungu, mtu mzima, mfupi, mwenye haraka. Alinibonyeza tumbo, akatazama ulimi, akavuta ngozi ya mkono. Kisha akavuta kiti.

"Redempta, mumeo anasema ulipona. Lini?"

"Wakati wa vita, Sista."

"Ulipata dawa gani wakati huo?"

"Hapakuwa na dawa. Zahanati haikuwa hata na aspirini."

"Basi kama hukupata kitu, ulikosa kitu. Ulikosa nini?"

Nilicheka ingawa tumbo liliniuma. "Sista, niulize kile ambacho hatukukosa. Tulikosa sabuni, sukari, mafuta ya taa, betri za redio, mkate, nguo..."

"Rudi nyuma. Mkate. Baada ya vita umekula mkate?"

"Hapana. Biskuti tu. Nusu debe la biskuti."

Alitazama dirishani. Akatuambia kwamba alipokuwa msichana kwao Ulaya vilipigwa vita, mkate ukaisha nchi nzima, watu wakateseka kwa njaa. Lakini walikuwapo watoto waliokuwa wagonjwa wa tumbo kwa miaka, na watoto hao ndio waliopata nafuu wakati wenzao wanakonda. Mkate uliporudi, wakaugua tena.

Ugonjwa unaitwa siliaki. Jina lenyewe lilinishinda kwa muda mrefu, nikawa nauita ugonjwa wa ngano. Ule unato unaofanya unga wa chapati uvutike ndio unaoliunguza tumbo la mtu kama mimi, na kipande kidogo kinatosha. Sista alisema hapo hospitalini hakuwa na chombo cha kuchungulia ndani ya utumbo.

"Chombo chetu kitakuwa sufuria yako. Usile ngano hata punje, wala shayiri. Ukipona, tumejua ni yenyewe. Na hapo hutakula tena mpaka kufa."

"Mpaka kufa, Sista?"

"Ukila, utakufa upesi, hutasubiri muda mrefu."

Unaweza kudhani nililia. Nilicheka mpaka nesi akaja kuangalia. Miaka yote hiyo nilijiona nimelogwa, nimelaaniwa, nimeoza ndani, kumbe kilichokuwa kinaniua ni andazi. Hakuna sindano, hakuna kisu. Dawa ilikuwa imejaa kwenye migomba ya mama yangu.

Masalu hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Nimekubebea sumu mwenyewe," alisema. "Na nusu nimempelekea mtoto."

Sista akageuka. Akauliza mtoto ana umri gani, yuko wapi, anaharisha? Hatukujua. Alisema ugonjwa huu hutembea katika damu, unaweza kumpata mtoto na unaweza kumruka. Furaha yangu yote ilikatika hapo hapo.

Tulituma neno kwa dereva wa lori: mtoto asipewe biskuti, wala bulga, wala andazi. Jibu la Mayu lilirudi na dereva huyo huyo, akalisema huku ameangalia pembeni: "Mwambieni mwalimu biskuti mtoto amezimaliza, anaomba nyingine."

Nililala wodini mpaka nikaweza kutembea, kisha nikaanza maisha mapya nyumbani. Nataka nikwambie ukweli wa maisha hayo. Kula si kazi kwetu, chakula chetu karibu chote ni salama. Kazi ni kukataa. Kwetu kukataa chakula cha mtu ni kumtangazia kwamba humwamini au una kinyongo naye. Wiki za mwanzo nilipoteza marafiki kwa maandazi. Generoza alikaa mwezi mzima hanisemeshi, kwa kuwa nilirudisha sahani yake bila kuigusa. Ilibidi nimpeleke kwa Sista akaambiwe usoni, na alipotoka alilia, akaniuliza, "Kwa hiyo miaka yote ile mimi ndiye?" Nikamwambia alikuwa mmoja wao tu, asijitwalie sifa zote peke yake. Tukacheka tukiwa tumeshikana mikono.

Shuleni bulga ilirudi. Mwalimu mkuu aliniruhusu nilete kijungu changu cha viazi na nisisimame zamu ya kugawa uji. Jambo dogo, lakini nilikuwa nimeshaonywa kwamba hata mwiko uliokoroga bulga haufai kukoroga uji wangu wa mtama. Nilinunua mwiko wangu, nikautundika juu, na watoto wa shule wakaeneza kwamba mwalimu ana mwiko wa uchawi.

Lililoniuma zaidi ni hostia, mkate wa komunyo. Ile nayo ni ngano. Nilikwenda kwa padre, nikamweleza, nikitegemea kuambiwa kwamba mwili wa Bwana hauwezi kumdhuru mtu. Padre alisikiliza mpaka mwisho. Akasema atauliza wakubwa wake, na wakati anasubiri jibu nitakomunika kwa divai. Jumapili iliyofuata nikapewa kikombe mbele ya kanisa zima. Nilisikia nyuma yangu mtu ananong'ona kwamba Redempta sasa amekuwa padre. Nikameza, nikarudi kwenye benchi langu, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilitoka kanisani sina wasiwasi wa tumbo.

Mwili ulirudi taratibu. Kucha kwanza, kisha usingizi, kisha njaa. Njaa ile! Nilikuwa nimesahau kwamba njaa inaweza kuwa tamu. Hata maziwa, ambayo mwanzoni yalinisukasuka, Sista aliniambia niyaache kwa muda nijaribu tena baadaye, na baadaye yakakaa. Nywele mpya zilichomoza laini kama za kifaranga, Masalu akawa ananipapasa kichwa akipita.

Mvua za vuli zilipoanza alikwenda Nyamigogo kumchukua Kabula. Alirudi peke yake. Niliposikia baiskeli nilitoka mbio, nikaona kiti cha nyuma kitupu.

"Amekataa," alisema. "Anasema mtoto harudi kwenye nyumba ya mgonjwa."

"Na Kabula?"

Aliegemeza baiskeli ukutani. "Tumbo limevimba. Miguu imekonda. Mama anasema ni minyoo. Anampa uji wa bulga wa chekechea ili apate nguvu."

Nilisubiri shule zifungwe Desemba, sikungoja hata siku moja zaidi. Nilipanda lori na gunia la ndizi, kikapu cha maharage na mwiko wangu.

Kabula hakunijua. Alisimama nyuma ya Mayu ameshika nguo yake, macho makubwa, mikono myembamba, tumbo limesukuma gauni mbele. Nilijiona mimi mwenyewe, nimefupishwa. Nilitaka kumnyakua nikimbie naye barabarani. Badala yake nilipiga magoti, nikamwamkia mama mkwe.

"Shikamoo, Mayu."

"Malahaba. Umenenepa, mwalimu."

"Nimeacha ngano."

Akaguna. "Ugonjwa wa mkate! Wazungu wanakula mkate kila siku, mashavu yao si mnayaona? Masalu kaniambia. Nikamwambia mkeo anataka mtoto wake tu, basi."

"Namtaka, ndiyo. Lakini sikuja kumchukua," nilisema. "Naomba nilale hapa mpaka likizo iishe. Mtoto ale ninachokula mimi, kwenye sufuria yangu. Asipopata nafuu nitaondoka peke yangu, na sitamdai tena."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani alitafuta ujanja, akaukosa. Usisahau kwamba alimpenda. Alikuwa amemlea tangu anatambaa, na kila kijiko cha bulga alichompa alikipuliza kwanza kisimuunguze.

"Haya," alisema. "Tutaona."

Nikapika. Ugali wa mtama, sato waliokaushwa, majani ya maboga, na matobolwa, vile viazi ambavyo Wasukuma huvichemsha na kuvianika. Kabula alikula kwa mashaka, akimtazama bibi yake kwanza. Asubuhi nilikwenda na Mayu shambani, nikalima mstari sambamba na wake, na aliponiona sibaki nyuma alianza kulima haraka. Nami nikaharakisha. Tulifika mwisho wa shamba tunahema, hakuna aliyekubali kuomba maji kwanza.

Siku za mwanzo hali ya mtoto haikubadilika, nami sikupata usingizi. Kisha akaanza kutulia. Akacheza. Akaomba chakula kabla hakijaiva. Nikaanza kuamini, na hapo hapo jirani mmoja akampitishia andazi nyuma ya ua, kwa huruma, kwamba mama wa mtoto huyu ana roho mbaya anamnyima. Jioni ile Kabula aliharisha mpaka akalegea. Nilikimbilia maji, lakini Mayu alinitangulia. Alimwogesha mwenyewe, akamkausha, akabaki amekaa na kitambaa mkononi.

"Asubuhi alikuwa mzima," alisema, kana kwamba anajisemea.

"Ndiyo, Mayu."

Kesho yake alifunga kanga, akaenda chekechea, na mtoto hakupewa tena bulga. Mimi sikuambiwa alichosema huko, nami sikuuliza. Nilimsikia tu akimkaripia jirani kwa Kisukuma, kirefu, na kwa mara ya kwanza nikatamani kuijua lugha ile vizuri.

Wewe ambaye unaanza leo, nikwambie mambo machache kabla sijamaliza. Usione haya kuuliza kilichomo. Usijaribu kipande kidogo kuona itakuwaje, itakuwa vile vile. Wanaokuletea mkate usiwachukie, wape kazi nyingine: watume ndizi. Na mpe mwili muda, umeteseka.

Likizo ilikuwa inaelekea mwisho, mdogo wake Masalu alipooa kule Nyarubungo. Tulikwenda wote. Kabula alikuwa amejaa mashavu, gauni limemlalia tumboni vizuri, anaimba. Masalu alikuwa amefika kutoka Ngara siku ile. Mimi nilikuwa uani naosha vikombe na wanawake wengine, mikono imezama kwenye beseni, na Mayu alikaa kwenye mkeka katikati ya wakubwa, mjukuu mapajani. Sinia la maandazi likazungushwa. Shangazi mmoja alichagua moja kubwa, akamnyooshea Kabula.

"Chukua, bibi yangu mdogo. Kula unenepe."

Nilichomoa mikono kwenye beseni. Nilikuwa mbali, na mikono ilikuwa imejaa povu. Kabla sijasimama, niliona mkono wa Mayu ukilisukuma sinia pembeni.

"Huyu hali ngano," alisema, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika mpaka kule tulikokuwa.

"Hali ngano? Anaumwa?"

"Haumwi. Amezaliwa hivyo. Huyu ni wa mama yake." Kisha akainua kichwa, akanitafuta kati ya wale wanawake. "Mama Kabula! Acha vyombo hivyo. Njoo umchukue mtoto wako."

Nilikwenda na mikono inayochuruzika maji. Aliniwekea mtoto kifuani bila kunitazama usoni, akageuka kumwambia shangazi jambo jingine. Asubuhi yake tulipanda lori la Ngara, Masalu ameshika kamba, mimi nimekaa juu ya magunia. Kabula alilala mapajani mwangu kabla hatujatoka Biharamulo, akawa mzito mpaka mguu wangu wote ukafa ganzi. Sikumsogeza mpaka tukafika nyumbani.